Kutoka machinjioni hadi spektrofotometa: mwongozo kamili wa kutenga ncha za neva na kupima kazi yake katika maabara ndogo

Seli ya neva ina shida ambayo seli nyingine nyingi hazina: urefu. Protini zake nyingi hutengenezwa kwenye kiwiliwili cha seli, kisha husafirishwa hadi ncha, ambako ndiko zinakohitajika. Mchukulie mbuzi mwenye neva ya nusu mita kutoka uti wa mgongo hadi kwato. Mizigo ya haraka, iliyobebwa na protini iitwayo kinesini, husafiri milimita 200 hadi 400 kwa siku, kwa hiyo hufika baada ya siku moja hadi mbili na nusu. Ya polepole, kama nguzo za ndani za seli, inaweza kwenda milimita moja tu kwa siku. Kwa mwendo huo safari ni siku 500. Nyurotransmita nyingi, yaani kemikali zinazobeba ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, nazo huandaliwa palepale kwenye ncha, hupakiwa ndani ya vifuko vyenye kipenyo cha nanomita 40 hivi, hufyatuliwa, halafu huondolewa upesi ili ujumbe usijirudie. Glutamati na dopamini hufyonzwa na kuingizwa ndani ya seli. Asetilikolini haingoji kufyonzwa, hukatwa hapohapo na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi.

Mwongozo huu ni wa jinsi ya kuitenga ncha hiyo kutoka kwenye ubongo wa mbuzi, kuhakikisha ni nzima, kupima protini yake, na kupima kasi ya kimeng'enya hicho. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi au fundi sanifu wa maabara aliye Tanga, mwenye sentrifuji yenye ubaridi (mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi), spektrofotometa moja (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na sampuli) na umeme usiotabirika. Wengi huniambia utafiti wa ubongo ni wa watu wenye mitambo ya mabilioni. Sehemu yake ni kweli. Lakini kazi hii ilianza miaka ya 1950 kwa kusaga ubongo ndani ya maji ya sukari. Victor Whittaker na wenzake huko Babraham, Uingereza, waligundua kwamba ukiusaga kwa upole, ncha za neva hukatika na kujifunga zenyewe kama vipulizo vidogo, zikiwa na vifuko na mitokondria ndani. Baadaye vipulizo hivyo vikaitwa sinaptosomu. Kinu, sukari na baridi vinapatikana Tanga.

Kabla ya siku yenyewe

Andaa bafa, yaani maji yanayozuia pH isiyumbe, jioni ya kuamkia siku ya kazi. Bafa ya kusagia ni sukrosi 0.32 M, HEPES 5 mM na EDTA 1 mM, pH 7.4. Kwa lita moja pima gramu 109.5 za sukrosi. Usitumie sukari ya dukani ya rangi ya kahawia, kwa sababu ina rangi na madini yatakayokusumbua baadaye kwenye vipimo. Rekebisha pH bafa ikiwa tayari baridi, maana pH hubadilika na joto na maabara zetu mwezi wa Februari si baridi. Bafa ya sukari haikai: baada ya siku chache huota ukungu. Tengeneza ya kutosha siku moja tu.

Vitu vyote vitakavyogusa ubongo vilale kwenye friji usiku kucha: kinu cha kioo na mchi wake wa Tefloni, tyubu, bika, hata mkasi. Rota ya sentrifuji, yaani kishikio cha tyubu kinachozunguka, nayo iwe imepoa.

Barafu usiitegemee friza ya maabara. Pita soko la samaki la Deep Sea ununue barafu ya wavuvi, ndoo mbili, uijaze kwenye deli. Ipondeponde iwe chenga, kwa sababu bonge kubwa la barafu haligusi chupa pande zote.

Machinjioni: dakika kumi za kwanza

Hapa ndipo kazi yote inapofaulu au kuharibika, na ndipo wengi wanapopapuuza. Damu ikiacha kwenda kwenye ubongo, nishati ya seli huisha ndani ya dakika chache. Pampu za utando husimama, glutamati humwagika nje, kalsiamu huingia ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyokata protini. Ukiuchukua ubongo saa nne asubuhi bucha, juu ya meza yenye nzi, utapata protini ndiyo, lakini ncha nzima hutapata.

Fika kabla ya alfajiri, uwe umezungumza na afisa mifugo na mwenye mnyama tangu jana yake. Lipia kichwa kizima kwa bei ya supu. Kinachotusaidia huku Pwani ni kwamba mbuzi huchinjwa kwa kisu, fuvu linabaki zima na ubongo haujapasuliwa na chuma cha kuzimishia mnyama. Mchinjaji ninayemwendea mimi ni mtu mzima, anaijua kazi yangu sasa. Mara ya kwanza alinicheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo unataka kichwa au unataka ubongo?"

"Ubongo mzee, na nauomba kabla hujachuna."

Alilipasua fuvu kwa mapigo matatu ya shoka, moja juu ya kila jicho na moja kisogoni, akaligeuza kama anafungua dafu. Tangu siku ile najua kumuomba aanze na kichwa, ngozi baadaye. Kutoka kisu hadi barafu tunatumia chini ya dakika kumi.

Usichukue ubongo wa mnyama aliyekuwa akiyumba, akitoa udenda mwingi, akishambulia watu au akijikuna bila kukoma. Kichaa cha mbwa humpata mbuzi pia, na virusi vyake hukaa kwenye ubongo. Kuna na ugonjwa wa skrepi wa kondoo na mbuzi, unaotokana na protini iliyojikunja vibaya, ambao dawa za kawaida za kusafishia haziuui. Mnyama awe amekaguliwa na kupitishwa kuliwa na watu. Hata hivyo vaa glavu mbili, miwani ya kinga na koti, na mtu mwenye kidonda kibichi mkononi asishike kazi hii.

Utoe ubongo kwa kijiko, uusuuze mara tatu kwenye bafa baridi hadi maji yasiwe na wekundu, uufunge kwenye chupa iliyojaa bafa, chupa uizike kwenye chenga za barafu. Kisha bajaji, moja kwa moja maabara.

Damu ni adui wa kipimo hiki

Nisimulie kosa langu mwenyewe, kwa sababu lilinigharimu wiki tatu. Nilipoanza, katika maabara moja niliyokuwa nafanya mazoezi, nilikuwa naona kuosha damu ni urembo. Nikisoma kimeng'enya napata namba za juu, nafurahi. Siku moja nilisahau kuweka asetilithiokolini, kitu ambacho kimeng'enya hukikata, kwenye kyuveti (kikopo cha kusomea sampuli ndani ya spektrofotometa), nikabonyeza kitufe cha kusoma, na namba ikatoka juu hivyohivyo. Nikaitoa kyuveti nikaiinua dirishani. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa, na hapakuwa na kitu cha kukatwa ndani yake.

Sababu za namba zangu zote za juu zilikuwa tatu kwa pamoja. Himoglobini hufyonza mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 415, na kipimo chetu kinasomwa kwenye 412. Chembe nyekundu za damu zina asetilikolinesterasi yao wenyewe kwenye utando, kwa hiyo nilikuwa napima damu na kuiita neva. Na protini zina vikundi vya salfa vinavyoitikia rangi ya kipimo hata kimeng'enya kikiwa hakifanyi chochote. Nilifuta kurasa nzima za daftari. Ndiyo maana nasema suuza mara tatu, na ukivua utando wa juu wa ubongo kwa koleo ndogo, vua na mishipa yake yote.

Kuchagua sehemu na kusaga

Weka ubongo kwenye sahani ya kioo juu ya barafu. Ukate katikati upate pande mbili. Fungua uwazi wa ndani wa upande mmoja. Sehemu ya mbele ya uwazi huo utaona kivimbe cha kijivu, laini, kimeinuka kama punje kubwa ya haragwe: hicho ni kiini cha kaudeti, na ni miongoni mwa sehemu tajiri kabisa kwa asetilikolinesterasi. Chukua hicho, na kwa kulinganisha chukua gamba la juu la ubongo, sehemu ya kijivu tu. Ile nyeupe ya chini ni nyaya zilizofunikwa mafuta ya mayelini, haina ncha za kutosha.

Pima gramu 2 za kila sehemu. Katakata kwa mkasi, mimina bafa mililita 20, weka kwenye kinu. Mchi uzunguke mizunguko 800 hivi kwa dakika. Maabara isiyo na mota maalumu inaweza kuufunga mchi kwenye drili ya fundi yenye kurekebisha mwendo, imekazwa kwenye stendi, na ikafanya kazi vizuri. Pandisha na kushusha kinu mara 10 hadi 12, taratibu. Ukivuta kinu chini kwa haraka, nyuma ya mchi panabaki utupu, mapovu yanatokea na ncha zinapasuka. Sikiliza sauti: kinu kinacholia kama mtu anafyonza mrija kinavunja sampuli yako. Mikono yako yote iwe imezunguka kioo chenye barafu pembeni, na ukihisi kioo kinapata uvuguvugu, simama.

Sentrifuji

Namba ninazotoa ni za nguvu ya g, yaani mara ngapi ya mvutano wa dunia. Si mizunguko, na kuchanganya hivi viwili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kanuni ni: g = 0.00001118 × nusu kipenyo cha rota kwa sentimita × mizunguko kwa dakika, mizunguko ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 8 inahitaji mizunguko kama 3,340 kupata g 1,000, na kama 11,580 kupata g 12,000. Pima rota yako kwa rula, andika namba zako kwenye karatasi, ubandike kwenye mashine.

Mzunguko wa kwanza ni g 1,000 kwa dakika 10, nyuzi 4. Chini kunabaki viini vya seli na vipande visivyosagika. Chukua maji ya juu kwa pipeti bila kugusa mashapo. Mzunguko wa pili ni g 12,000 kwa dakika 20. Sasa angalia mashapo vizuri, kwa mwanga wa kutosha, kwa sababu yana tabaka tatu. Juu kuna ute mweupe unaoyumba: mayelini. Katikati kuna tabaka la rangi ya maziwa yenye chai kidogo: ndizo sinaptosomu. Chini kabisa kuna kitone cha kahawia iliyokolea: mitokondria huru. Dondosha bafa kidogo pembeni ya tyubu, zungusha kwa mkono, ute mweupe utaachia, umwage. Kisha inua tabaka la kati kwa pipeti yenye ncha pana, ukiacha kitone cha kahawia kimeshika chini. Rudia mzunguko wa pili mara moja. Mashapo ya mwisho yaloweke kwenye mililita 2 za bafa.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, usifungue mfuniko kwa pupa. Mashine ikisimama, tyubu ziweke kwenye barafu, na umeme ukirudi anza mzunguko huo tangu mwanzo, dakika zote. Ukikatika zaidi ya nusu saa, sampuli hiyo itumie kupima kimeng'enya tu. Kwa kazi za kufyatua nyurotransmita haifai tena.

Ulichonacho ni sinaptosomu zisizo safi kabisa. Anayetaka safi zaidi atapitisha kwenye ngazi za sukrosi 0.8 M na 1.2 M kwa mashine ya kasi kubwa sana, au kwenye ngazi za Pekoli (kimiminika cha chembe ndogo za silika) ambazo zinahitaji dakika chache tu na nguvu ndogo kuliko hiyo. Kwa kipimo hiki hakuna ulazima.

Ni nzima au zimepasuka?

Swali hili wanaoanza hulikwepa, nami naona ndilo la kujibu kwanza. Laktati dehidrojinasi ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya majimaji ya seli. Utando ukiwa mzima, kinabaki ndani na hakikutani na vitu ulivyoweka nje. Tengeneza mchanganyiko wa bafa ya fosfeti 50 mM, pH 7.4, yenye sukrosi 0.32 M, piruvati 1 mM na NADH 0.2 mM. Sukrosi hapa ni lazima: bila hiyo maji yataingia kwenye ncha na kuzipasua mbele ya macho yako, kisha utalaumu kinu. Weka sampuli, soma nanomita 340 jinsi namba inavyoshuka kwa dakika NADH inapotumika. Hiyo ni ya nje. Ongeza Triton X-100, sabuni ya kupasua utando, ifikie asilimia 0.5, soma tena. Hiyo ni jumla. Toa ya nje kwenye jumla, gawanya kwa jumla, zidisha kwa 100. Ukipata zaidi ya 80, endelea kwa moyo mkunjufu. Chini ya 60, rudi machinjioni.

Si kila kioo wala kila plastiki hupitisha vizuri mwanga wa 340, kwa hiyo tumia kyuveti ya kwatsi, au nyingine ambayo umehakikisha inafaa kwa mwanga huo.

Protini

Tumia njia ya Bradford ya mwaka 1976. Yeyusha miligramu 100 za rangi ya Coomassie G-250 kwenye mililita 50 za ethanoli ya asilimia 95, ongeza mililita 100 za asidi ya fosforiki ya asilimia 85, jaza maji hadi lita moja, chuja. Hakikisha chupa inasema G-250. R-250 ni ya kutia rangi jeli na haifai hapa. Weka mikrolita 20 za sampuli iliyozimuliwa kwenye mililita moja ya rangi, ngoja dakika 5, soma 595. Linganisha na albumini ya ng'ombe ya miligramu 0.1 hadi 1 kwa mililita. Mstari hupinda huku juu, kwa hiyo sampuli ikizidi kiwango cha juu izimue upya. Usiweke sampuli yenye Triton, maana sabuni hubadilisha rangi yenyewe.

Kimeng'enya

Njia ni ya Ellman, ya mwaka 1961. Badala ya asetilikolini tunakipa kimeng'enya asetilithiokolini. Kikiikata, kinaachia thiokolini yenye salfa, nayo inaitikia kemikali iitwayo DTNB na kutoa rangi ya njano. Kwa kuwa asetilikolinesterasi imepachikwa upande wa nje wa utando, hakuna haja ya kupasua ncha.

Kwenye kyuveti ya mililita moja weka bafa ya fosfeti 0.1 M, pH 8.0, mikrolita 940. DTNB 10 mM, mikrolita 30. Sampuli, mikrolita 20. Ngoja dakika 5 hadi 10. Subira hiyo ndiyo inayoziacha salfa za protini zenyewe zimalize kuitikia. Soma 412 hadi namba itulie, kisha ongeza asetilithiokolini 75 mM mikrolita 10, na soma kila nusu dakika kwa dakika 3. Kyuveti nyingine iwe bila sampuli, kwa sababu asetilithiokolini hukatika yenyewe taratibu kwenye pH 8. Kasi hiyo itoe.

Ya tatu iwe na sampuli pamoja na kizuizi. Neostigmini ya wodi ya upasuaji inatosha ukiipata kwa utaratibu unaokubalika. Weka ifikie mikromola 10, subiri dakika 10. Njano yote iliyobaki baada ya hapo si ya kolinesterasi, itoe. Lakini ndani yake imo tayari ile inayokatika yenyewe, kwa hiyo ukitoa hii usiitoe ile ya kyuveti ya pili mara nyingine.

Hesabu ni hii. Tuseme kasi halisi ni 0.085 kwa dakika. Igawanye kwa 14,150, namba inayoonyesha njano hiyo inavyofyonza mwanga, upate mola 0.000006 kwa lita kwa dakika, ambazo ndani ya mililita moja ni nanomola 6. Kama sampuli ilikuwa na miligramu 3 za protini kwa mililita, mikrolita 20 zina miligramu 0.06. Sita gawa kwa 0.06 ni nanomola 100 kwa dakika kwa kila miligramu ya protini. Kaudeti lazima ilizidi gamba kwa wazi. Isipozidi, ulikata mahali pasipo.

Ukitaka kuijaribu sumu ya shambani

Watu wa Lushoto wanaolima mboga na wa Muheza wenye machungwa wananiuliza hili, na ni swali la maana, kwa sababu viuadudu vya aina ya oganofosfeti na kabameti huua kwa kukizuia kimeng'enya hikihiki. Baadhi ya mbu nao, kwa badiliko moja kwenye jeni iitwayo ace-1, wamejifunza kukifanya kisizuilike kwa urahisi. Lakini jihadhari na tafsiri. Klopairifosi haikizuii kimeng'enya kwa nguvu mpaka ini liibadilishe kwanza. Ndani ya kyuveti yako hakuna ini, kwa hiyo itaonekana kama maji, na ukimwambia mkulima kwamba ni salama utakuwa umemdhuru. Kabameti nazo huachia kimeng'enya sampuli ikizimuliwa, basi chelewa kusoma na utaona kizuizi kimepungua chenyewe.

Kufyatua

Mwenye fluorometa, mashine inayopima mwanga unaong'aa kutoka kwenye sampuli, anaweza kwenda mbele na kupima ncha zikifyatua glutamati. Loweka sinaptosomu kwenye maji ya chumvi yenye glukosi 10 mM kwa nyuzi 37, weka glutamati dehidrojinasi na NADP, kisha ongeza KCl (chumvi ya potasiamu, inayozichochea ncha) ifikie 30 mM pamoja na kalsiamu 1.3 mM. Glutamati inayotoka huzaa NADPH, nayo hung'aa ukiimulika kwa 340 na kuisoma 460. Rudia bila kalsiamu: tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyotoka kwenye vifuko. Sumu ya pepopunda hufanya kazi palepale, kwa kukata protini iitwayo sinaptobrevini inayounganisha kifuko na utando. Ncha zilizokatwa kwenye kiwiliwili hazipati shehena mpya ya protini, zinaishi kwa akiba. Kwa nyuzi 37 una saa mbili hivi za kuaminika.

Usafi na akiba

Kinu kioshe kabla tope halijakauka. Mabaki ya ubongo na vyombo vilivyogusana nao viloweke saa moja kwenye sodiamu haidroksidi 1 M, ukiwa umevaa glavu nene, kisha mabaki yapelekwe kuchomwa. Mchi wa Tefloni usuguliwe kwa kitambaa laini peke yake. Mchubuko mmoja juu yake utapasua ncha za miezi yote ijayo. Mashapo yaliyobaki gawanya mikrolita mia mia, andika tarehe, sehemu ya ubongo na protini kwenye kila tyubu, gandisha. Kugandisha hupasua ncha, lakini kimeng'enya hubaki na kazi yake, na tyubu hizo ndizo utakazomfundishia atakayekuja baada yako kusoma njano kwenye 412 bila kumwamsha mchinjaji.